Miye Niko Jirani

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti.

Koti jeusi, jipya, bado na karatasi ya dukani kwenye kola. Ni lile linaloandikwa kwenye kila fakitire ya mali, yaani orodha ya mahari, hapa Lubumbashi: koti la baba, kitenge cha mama, blanketi la kambo (ndivyo tunavyomwita babu au bibi), mbuzi wa mujomba. Wakwe walikuwa wameleta kila kitu na kukipanga juu ya mkeka, sebuleni mwetu, mtaa wa Katuba. Kisha msemaji wao, mzee mwenye sauti ya taratibu, akauliza swali ambalo kila msemaji huuliza kabla ya kutoa bahasha.

"Baba wa huyu binti njo nani, tumuvalishe?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, wakati wa ile baridi inayofanya watu wakae wamejifunika hadi saa nne asubuhi. Mama alitazama chini. Chumbani, mdogo wangu anayeolewa na wenzake waliokuwa wakicheka tangu alfajiri walinyamaza ghafla. Mtu mmoja akakohoa.

Papa Fundi akasimama.

Hatumwiti kwa jina lake. Ni mzee wa lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, la ng'ambo ya barabara, anatengeneza pampu za maji na baiskeli, na sisi tumemwita papa tangu tulipohamia hapa, zaidi ya miaka 20. Alivua kofia, akaenda akakaa kwenye kile kiti. Alikaa ukingoni, bila kuegemea, ili asilikunje koti.

"Na weye baba," msemaji akamuuliza kwa heshima, "uko nani kwa hawa batoto?"

"Miye? Miye niko jirani."

Sasa ni wiki ya saba, na neno hilo bado linanikesha.

## Adabu mbili na kiti kitupu

Baba yangu alikuwa Mubemba wa Kasenga, kando ya Luapula, kule samaki wetu wanakotoka. Mama ni Muluba wa Kasai, mzaliwa wa kambi ya wafanyakazi wa migodi. Baba yake alishuka kwenye treni ya BCK, kampuni ya reli, akitafuta kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, akaipata, akazikwa hapahapa.

Kwa Wabemba mtoto ni wa mukowa, yaani ukoo, wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Kwa Waluba wa Kasai mtoto ni wa baba: jina, ukoo, mzee wa kusimama mbele ya watu, vyote viko upande wa baba.

Fikirieni hesabu yetu ilivyo.

Baba angekuwa Muluba na mama Mubemba, tungekuwa na pande mbili zinazotugombea. Ninaye rafiki wa namna hiyo. Kila harusi kwao ina ugomvi wa nani atasema kwanza, wajomba au baba wadogo, na yeye hulalamika hadi machozi. Mimi humsikiliza na kumwonea wivu. Sisi tuko kinyume chake. Watu wa baba wanajua kwa dhati kwamba sisi ni wa mama. Watu wa mama wanajua kwa dhati kwamba sisi ni wa baba.

Mwezi mmoja kabla ya ile Jumamosi nilipiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda Kasenga, kwa mpwa wa baba aliyerithi jina lake. Alifurahi sana. Alituma gunia la samaki wakavu, na nauli ya shangazi mmoja aje kuimba. Lakini kuhusu kiti alisema hapana.

"Dada, miye nikikaa pale, nitakuwa nimemwibia mujomba wenu. Hata kambo huko kaburini atauliza."

Simu ya pili ilikwenda Mwene-Ditu, upande wa Kasai, kwa kaka wa mama, manseba wetu. Anaumwa miguu, hasafiri tena. Naye alifurahi, akaniombea kwenye simu sala ndefu kwa Tshiluba. Kisha akasema mbuzi wake tumuuze na kumtumia pesa, kwa kuwa mbuzi wa mjomba ni haki yake, lakini koti asiguswe nalo. "Mtoto wa dada yangu simtoi mimi. Anatolewa na wa kwao baba yake."

Hakuna aliyetutupa. Hilo nilitaka liandikwe wazi, maana nimesoma habari nyingi za ndugu wabaya, na hii si mojawapo. Kila mmoja alijizuia kuchukua kisicho chake, kama alivyolelewa. Heshima yao ndiyo iliyoacha kile kiti kitupu, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

## Siku nilipoambiwa nimwite mtoto baba

Baba alifariki mwaka 2011. Siku ya tatu ya kilio, wapwa zake walifika kutoka Kasenga ndani ya lori la samaki, wameketi juu ya magunia. Majirani walianza kunong'onezana. Kila mtu Katuba anajua hadithi ya wapwa wanaokuja na kufuli, wakamfungia mjane nje. Mama alikuwa ameficha hati ya lupango ndani ya sufuria ya bukari, yaani ugali.

Hawakuulizia hati. Waliomba mkanda wa baba na koti lake la kazini, wakamketisha kijana mmoja kwenye mkeka, wakamvisha. Ndiyo kupyana: mwana wa dada anaingia kwenye jina la marehemu. Kijana alikuwa na miaka 19. Mimi nilikuwa na 23, natoka kumaliza chuo, na shangazi akaniambia kwa upole nipige magoti nimsalimu baba yangu.

Nilipiga magoti. Sikuweza kulitamka neno.

Nimewaza sana baadaye kwa nini lilinikwama. Kimila yule kijana alikuwa baba kuliko mtu yeyote aliye hai. Ila aliyekesha mlangoni usiku zote zile, akiandika kwenye daftari la shule nani ametoa nini, nani ameleta mkaa, nani kalipa mafuta ya gari la jeneza, alikuwa mzee wa ng'ambo ya barabara. Daftari hilo bado tunalo. Mwandiko wake umesimama wima, kama wa mtu aliyejifunza kuandika kwenye karatasi za vipimo vya mashine. Jina lake mwenyewe halimo, ingawa mbao za jeneza ni yeye aliyelipia. Hilo nililijua miaka minne baadaye, kwa seremala.

Tangu hapo neno papa, nikimwita yeye, lilikuwa limebeba kitu. Halikuwa tena lile papa tunalomwita kila mwanamume mzima njiani. Nilidhani naye analisikia hivyo.

## Kadi ya mposho

Kuna familia ya tatu iliyotulea sisi watoto wa kambi, na mara nyingi tunasahau kuihesabu kama familia.

Miaka ya mwanzo Union Minière ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi na kuwarudisha kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: mikataba mirefu, mfanyakazi aje na mke, mke azae kwenye matanite (hospitali ya uzazi) ya kampuni, mtoto asome shule ya kampuni. Ikaleta watu wa Kasai, wa Luapula, wa Ruanda-Urundi, ikawapanga mtaa mmoja kwa namba za nyumba, bila kujali nani ni wa nani. Gécamines, kampuni ya serikali iliyofuata mwaka 1967, ikaendelea vilevile. Mwanahistoria wetu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika kwa urefu jinsi wafanyakazi walivyoiona kampuni kama mzazi. Wazee hapa hawahitaji kusomewa. Muulize yeyote atakujibu: kazi njo baba, kazi njo mama.

Mimi ninachokumbuka ni kadi. Kwenye kadi ya mposho ya baba, ya kupokelea mgao wa chakula wa kampuni, palikuwa na nafasi ya mke na nafasi za watoto. Basi. Hapakuwa na mstari wa mpwa, wala wa mjomba, wala wa mama mkwe. Unga ulipimwa kwa vichwa vilivyoandikwa. Mpwa wa baba alipokuja kukaa nasi kusoma, tulimlisha kutoka kwenye sehemu yetu, na mama alikuwa akipunguza tonge lake bila kusema.

Kwenye karatasi ile, na huenda hapo tu duniani, mimi nilikuwa wa baba yangu bila swali. Mbelgiji aliyeibuni hakujua habari za mukowa. Alijua mume, mke na watoto, akatuhesabu hivyo, na hesabu yake ikawa kweli kwa muda wote unga ulipokuwa ukitoka.

Mwaka 2003 ukafika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines na bahasha zao. Baba alikuwa mmoja wao. Kwa pesa ile alinunua lupango hili la Katuba. Kadi ilirudishwa ofisini. Nilikuwa msichana wa miaka 15 na sikuelewa kwamba karatasi inayorudishwa ni ile inayosema mimi ni nani.

## Sheria inajua nyumba

Watu wema wameniambia: mbona unajisumbua, sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu tabaka la kwanza na kuwapa robo tatu ya urithi. Mama hakuhitaji kuficha hati ndani ya sufuria. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, penye Wabemba wengi kuliko huku, sheria ya mwaka 1989 inatenga nusu kwa watoto, asilimia 20 kwa mjane, 20 kwa wazazi na 10 kwa waliomtegemea marehemu. Ghana, ambako Waakan nao wanahesabu ukoo kwa mama, walitunga yao mwaka 1985, ili mjane na watoto wasitolewe kwenye nyumba aliyoijenga mume.

Ninazishukuru sheria hizi. Lakini hakuna hata moja inayosema nani akae kwenye kiti siku wakwe wanapokuja.

Wiki hizi saba nimekuwa nikitafuta jinsi wengine wanavyoishi. Kisiwa cha Ngazidja, Komoro, ambako lugha yao ni ndugu ya hii tunayosema, wanajenga nyumba kwa ajili ya binti, na mume ndiye anayehamia. Ardhi ya urithi inapita kwa wanawake, na ni Waislamu watupu. Waminangkabau wa Sumatra hali kadhalika. Audrey Richards, Mwingereza aliyeishi na Wabemba miaka ya 1930, aliandika mwaka 1950 kwamba watu wanaofuata ukoo wa mama wana fumbo moja lisiloisha: wanamhitaji mume awape watoto, na wakati huohuo lazima wamzuie asiwachukue. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikamwona baba, jinsi alivyokuwa akitubeba begani hadi lango la kambi, kisha wajomba walipotajwa ananyamaza.

Fumbo hilo lina majibu mengi, ila yote yanamtaka kila mtu awe ndani ya mila moja. Kasenga wanalo jibu, Mwene-Ditu wanalo, Ngazidja wanalo. Mji wetu ulichukua watu wa majibu tofauti ukawaoza. Watoto waliozaliwa upande wangu wa hesabu ni wengi kuliko tunavyosema. Nikipita mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo siku ya kilio, namtambua mmoja wao kwa jambo dogo: wanaomzunguka anawaita ndugu wote, lakini hakuna hata mmoja anayejua kijiji cha kambo wake. Wako wa kanisani, wa likelemba (kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu), wa darasa moja, wa mtaa mmoja wa kambi. Kwa muda mrefu niliwaonea huruma. Mwenye mukowa, kwa Wabemba, ana banungwe, watani wa ukoo ambao kazi yao ni kumzika wakicheka na wakilia. Sisi atatuzika nani?

Halafu nakumbuka daftari.

## Nilivuka barabara

Sikulala vizuri tangu ile Jumamosi. Wakwe walikuwa wamejitenga pembeni ya mwembe, wakashauriana kama dakika 20, wakarudi na kusema jirani apokee, mradi mama ameridhia. Bahasha ikapita mkono kwa mkono. Tukanywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, shangazi wa Kasenga akaimba, ikawa furaha. Koti tu ndilo lilibaki. Papa Fundi alikataa kulivaa. Alisema liwekwe.

Mimi nilikuwa na uchungu niliouonea aibu. Ningetaka aseme: miye ni baba yao. Uongo mdogo, nani angeuliza? Alikuwa na watu 30 mbele yake na nafasi ya kutufanya wa mtu. Akachagua jirani. Kwa majuma kadhaa nilimsalimu kutoka mbali, na mama akaligundua, akasema tu, "Nenda umuulize. Usimweke moyoni."

Nilikwenda Jumapili iliyopita baada ya misa. Alikuwa amefumua pampu, vipande vyake vimelala juu ya gunia kwa mpangilio. Nilikaa kwenye kigoda. Nilimuuliza kama mtoto anavyouliza, bila kuzunguka.

Hakujibu upesi. Alifuta mikono, akaanza na Likasi, mji mwingine wa migodi huku Katanga.

Nilijua alikuwa Likasi. Nilijua ni Mukasai, mtu wa Kasai, na kila mtu mwenye umri wangu anajua mwaka 1992 ulikuwaje kwa Mukasai Likasi, na 1993 Kolwezi, Wakasai walipofukuzwa Katanga. Nisichojua ni kwamba alikuwa ameoa mwanamke wa huku Katanga. Wakwe zake, waliokuwa wakimwita mwanetu, walikuja usiku wakamchukua binti yao na wajukuu wawili. Walimwambia yeye aende kwao. Kwao! Alikuwa amezaliwa Likasi. Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja.

Alilala stesheni wiki tano, pamoja na maelfu, wakisubiri treni. Watoto walikufa pale, kila siku.

"Kulikuwa mama mumoja wa kambi," akasema. "Si ndugu. Kabila lingine kabisa. Nyumba yake na yangu ukuta ni mumoja. Kila jioni alikuja na bukari mu beseni, amefunika na kitenge. Banamutukana njiani. Anakuja tu. Nilimuuliza, mama, sababu gani? Akasema: si tuko majirani?"

Nilinyamaza. Kisha nikasema jambo ambalo nusura nilimeze.

"Papa, lakini waliowafukuza si walikuwa majirani vilevile?"

Akaitazama ile pampu muda mrefu. Mtoto alipita akisukuma tairi.

"Njo," akasema. "Bengine nilikuwa nabajua majina."

Nikadhani nimeharibu. Nilitaka kuomba radhi, akainua mkono.

"Sikiliza. Ile siku yule mzee aliniuliza niko nani. Ningesema niko baba, bangesema: sawa, amekuja sababu ni kazi yake. Baba analazimika. Mujomba analazimika. Mimi nilitaka bakwe bajue hakuna mwenye alinituma. Nimetoka kwangu, nimevuka barabara mwenyewe."

Nimejaribu kuandika alivyosema bila kumpamba. Sijui kama nakubaliana naye hadi mwisho. Kuna sehemu ndani yangu bado inataka baba anayelazimika, anayeweza kuamshwa usiku asiweze kukataa. Jirani anaweza kukataa. Likasi ilionyesha hivyo, na yeye anajua kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimedhani neno papa ni zawadi ninayompa, ngazi ninayompandisha kutoka ujirani. Sikuwahi kumuuliza kama kwake linapanda au linashuka.

Wale watoto wake wawili, sikuuliza. Hakusema.

Jua lilikuwa limeanza kupasha ukuta. Alirudisha kipande kimoja cha pampu mahali pake, akakizungusha, akakitoa tena. Nikasimama niende. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita.

"Lile koti liko wapi?"

"Liko kwetu, Papa. Kwenye kabati."

"Nililitazama ile siku. Mikono yake ni mirefu." Akaunyoosha mkono wake mbele, akapima kwa jicho hadi kwenye kifundo. "Ulilete kesho. Kuna fundi wa nguo pale karibu na soko, atapunguza."